Mama-Buko Atapita Wapi?

Wadogo zangu mnaomaliza masomo ya kuchora nyumba mwaka huu, nasikia mnatafuta mtu mwenye uzoefu awape mashauri. Wenye uzoefu wana kazi, hawana nafasi. Nimebaki mimi.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja na nimestaafu. Najua, watu hustaafu wakiwa na mvi. Kwangu mvi zilitangulia, kustaafu kukafuata. Kwa miaka saba nilichora nyumba za familia hapa Kolwezi, karibu zote kwenye viwanja vyembamba, kwa sababu mwenye kiwanja kipana daima ana binamu aliyesoma mbali kuliko mimi. Sasa nauza vigae na rangi katika duka karibu na soko. Kigae kikipasuka, mteja anachukua kingine. Halii, haniiti mbele ya familia yake yote, hanionyeshi ukuta. Tumbo langu, ambalo lilikuwa linauma kila nilipoona mtu amebeba koleo, limepona kabisa.

Msiogope. Ni kazi nzuri. Inataka penseli, utepe wa kupimia, na moyo wa kusikia mtu asiyejua kusoma ramani akikuonyesha kosa lako kwa kidole cha mguu.

Shuleni mmefundishwa kuanza na jua: linatoka wapi, linazama wapi, upepo unavuma kutoka upande gani. Vizuri sana. Huku kwetu ongezeni swali la vumbi, maana malori ya shaba hayakusoma kitabu chenu. Dirisha la chumba cha kulala likitazama barabara ya malori, baada ya wiki moja ya kiangazi shuka nyeupe inakuwa nyekundu na mwenye nyumba anajifunza jina lako vizuri. Tena mgodini wanapolipua mwamba alasiri, vioo vinatetemeka. Kwa hiyo juu ya madirisha zungusheni mkanda wa zege wenye nondo, nyumba nzima, bila kuukata popote. Mteja atawaambia zege ni ghali. Mwambieni nyufa ni bure.

Hayo sikuyajua mimi. Aliyenifundisha ni Tata Kazadi, tata kwetu ni baba, fundi wa matofali, mzee mwenye kofia ya plastiki ya njano ambayo sikuwahi kuiona ikivuliwa, hata kanisani. Nilipokutana naye mara ya kwanza nilikuwa na diploma yenye umri wa miezi minne. Alitazama ramani yangu kwa heshima kubwa, akaigeuza juu chini, akaitazama tena kwa heshima ileile.

"Archi," aliniita hivyo, kama wote hapa wanavyomwita mtu aliyesoma kuchora majengo, "hii njia ya pembeni iko na upana gani?"

"Sentimita themanini, tata. Mtu anapita vizuri."

"Mutu anapita. Na burueti?"

Sikuwa nimefikiri toroli. Nilikuwa nimefikiri jua, upepo, mteremko wa maji, faragha ya majirani na rangi ya mlango. Toroli, hapana.

"Na kitanda kinene? Na sanduku?"

"Sanduku gani, tata?"

Alinitazama kwa huruma. "Mama, mu nyumba bantu banakufaka. Sanduku inatoka imelala. Hapana yenye kusimama kama mutu anangojea taksi."

Tangu siku ile njia zangu za pembeni zina mita moja na sentimita ishirini. Andikeni hiyo. Toroli, kitanda cha watu wawili, jeneza. Vikipita vitatu hivyo, mengine yote yatapita. Hivyo ndivyo nilivyoamini, mpaka nilipoletewa kiwanja cha Tata Désiré.

Tata Désiré anaendesha lori la maji mgodini. Kazi yake ni kumwaga maji barabarani ili vumbi lilale. Vumbi likiamka, anarudi kulimwagia tena. Mtu mpole, mnene, mwenye sauti ndogo isiyolingana na lori. Mke wake, Mama Béa, anashona nguo nyumbani na sauti yake inalingana na lori la mume. Wana watoto watatu. Walikuwa wamepanga vyumba viwili kwa mtu, na baada ya miaka mingi walipata kiwanja chao wenyewe: mita saba na nusu kwa ishirini na sita.

Yaani karatasi ilisema saba na nusu. Pimeni wenyewe, wadogo zangu, tena mara tatu: mbele, katikati na nyuma. Mbele nilipata saba na arobaini. Katikati saba na kumi. Nyuma, ambako ukuta wa jirani ulikuwa umenenepa taratibu miaka kwa miaka kama mwenye ukuta, nilipata sita na tisini. Chukueni kipimo kidogo kabisa na mchore kwa hicho. Ukimwambia jirani arudishe ukuta wake, nyumba yako itajengwa na wajukuu.

Sasa fanyeni hesabu. Sita na tisini, toa njia ya pembeni ya jeneza, unabaki na tano na sabini. Toa kuta, maana kuta hazikai hewani, ingawa ramani nyingi za wanafunzi zinadhani zinakaa. Kila ukuta na plasta yake unakula sentimita ishirini. Usipokuwa mwangalifu, unajenga ujia mrefu na kuuita nyumba.

Haraka ya Tata Désiré na Mama Béa haikuwa ya fahari. Ilikuwa Mama Ngoie, mama mzazi wa Mama Béa. Alikuwa mjane, akiishi peke yake Kabongo, kaskazini, na macho yake yalikuwa yanaondoka. Mwaka ule aliweka mkono kwenye moto akidhani anaweka sufuria. Mama Béa alipanda treni, akamfuata, akamleta Kolwezi na mkono wake umefungwa kitambaa. Alipewa kitanda kwa mama mmoja wa kanisa lao, mpaka nyumba ijengwe. Lakini mama yule wa kanisa naye alikuwa na binti anayerudi na watoto kabla ya mvua. Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi: nyumba ikisimama kabla ya mvua, Mama Ngoie anakaa na mtoto wake. Isiposimama, anarudi Kabongo kupika peke yake na macho yale.

Hili aliniambia Mama Béa siku ya kwanza, akiwa amenishika mkono, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Niliandika maswali ishirini na matatu kwa familia. Nani anaamka kwanza? Nani anakoroma? Mashine ya kushona inataka mwanga wa upande gani? Watoto wanasomea wapi? Mama Ngoie anafikia rafu ya urefu gani? Anapenda kulala kichwa upande gani? Tata Désiré alijibu yote kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kumwagia maji barabara isiyokwisha. Mwisho akaniuliza kama na mganga wake nataka kumwona.

Nikachora. Nikafuta. Nikachora. Matokeo yalikuwa nyumba kama behewa la treni: mbele, upande wa barabara, salo, yaani chumba cha wageni, kubwa, kwa sababu Tata Désiré alikuwa tayari na makochi. Kutoka salo ulikwenda ujia mmoja wa ndani, wanaouita kulwari, wa sentimita tisini, moja kwa moja hadi nyuma. Vyumba vyote vilifungua mlango kwenye kulwari hiyo: wazazi, watoto, jiko. Mwisho kabisa, bafu na choo. Na chumba cha Mama Ngoie nilikiweka karibu na choo. Kwa huruma. Mtu asiyeona vizuri asitembee mbali. Nilijisifu moyoni kwa wazo lile kwa muda wa siku nne, jambo ambalo kwangu ni rekodi.

Nikatengeneza pia picha za kompyuta. Ninyi mnazijua. Zile ambazo miti ni ya Ulaya na anga halina vumbi. Ndani ya kulwari kompyuta iliniwekea mwanamke mwenye nywele za njano na mbwa mdogo, wakitembea kwa furaha kuelekea choo. Tata Désiré alizipenda. Aliuliza tu kama mbwa ni lazima.

Kompyuta inatupatia watu warefu, wafupi, wenye baiskeli, wenye vikombe vya kahawa. Lakini wote hawana ukoo. Yule mwanamke wa nywele za njano hana mama mkwe. Anapita popote.

Tata Kazadi hajengi mpaka familia imeishi ndani ya kamba. Ndiyo njia yake. Anapigilia vigingi, anafunga kamba mahali pa kila ukuta, anaacha nafasi za milango, kisha anaita watu wote wa nyumba waje waishi siku nzima kwa nusu saa. Wanafunzi wenzangu walikuwa wanacheka njia hiyo. Mimi pia nilicheka, kwa sauti ndogo, kwa sababu nilimhitaji.

Jumamosi asubuhi tulikuwa wote pale. Mama Ngoie alikuja ameshikwa mkono na Mama Béa, mdogo, amejifunga vitenge viwili, na kiti chake kikawekwa nje, upande wa barabara. Akakaa ametupa mgongo. Nilidhani anakwepa jua. Nilifurahi hata, niliona kwamba nilikuwa sahihi kuhusu jua.

"Saa kumi na mbili ya asubuhi!" akaita Tata Kazadi. "Bote balale!"

Watoto walilala chini kwenye udongo, kwa furaha, wakiwa wamevaa nguo zao safi. Mama Béa akasimama mahali pa kitanda chake, akasema hatalala chini mbele ya watu, kitanda tukifikirie.

"Tata Désiré, lamuka. Unaenda koga."

"Mi nalamukaka saa kumi na moja."

"Basi umelamuka mbele ya bote. Tembea."

Tata Désiré alitoka "chumbani", akaingia kulwari. Kwa mwili wake kulwari ilijaa vizuri. Mtoto mmoja alipita ukutani na kupigiwa kelele na mama yake: "We! Haone kule iko matofali?"

"Na Mama Ngoie naye analamuka," Tata Kazadi akaendelea. "Mama Béa, mulete mama mu chumba yake. Eko na haja ya choo."

Mama Béa alisita. Sasa najua alisita kwa nini. Wakati ule niliandika kwenye daftari: "Kizingiti cha mlango?" Alimwinua mama yake, akamwongoza kwa njia ya pembeni hadi chumba cha mwisho, akamwachia mlangoni. Mama Ngoie akapiga hatua moja, akawa ndani ya kulwari. Tata Désiré alikuwa anakuja. Kati yao palikuwa na kama mita mbili.

Wote wawili wakasimama.

Tata Désiré aligeuka ghafla, akaweka uso wake kwenye ukuta wa jirani, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Mama Ngoie alisikia pumzi yake, au viatu vyake, sijui. Alivuta kitenge, akafunika uso, akageuka, akapita ndani ya ukuta. Kamba ikakatika. Kigingi kikang'oka. Alipita ndani ya jiko, ndani ya chumba cha wazazi, akatoka nje ya nyumba yangu yote, bila mkono wa mtu, mpaka barabarani.

Hakuna aliyecheka. Hata watoto waliolala waliendelea kulala.

Ninyi mnaotoka kwingine, niwaeleze. Katika familia hizi za kaskazini, mwanaume na mama-buko wake, yaani mama mzazi wa mke wake, hawatazamani usoni. Hawali pamoja. Hawagusani, hawakai kiti kimoja, na choo kimoja ndiyo usiseme. Si chuki. Ni heshima, tena heshima kubwa kuliko zote, na anayeivunja anaona haya mpaka kwenye mifupa. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani mpaka mwingine apite. Njiani kuna majani. Ndani ya kulwari ya sentimita tisini, hakuna.

Nami nilijua! Hilo ndilo linanichoma mpaka leo. Si kwamba natoka mwezini. Baba yangu mwenyewe, mtu wa Sandoa, kwa mama wa mama yangu alikuwa anaingia kwa mlango wa nyuma. Nilikua nikiona. Lakini nilipokaa mezani na penseli, nikawa nachora watu wa kompyuta. Maswali ishirini na matatu, wadogo zangu. Niliuliza anayekoroma. Sikuuliza mama-buko atapita wapi. Na wao hawakuniambia, kwa sababu nani anamwambia mtu mzima mwenye diploma kwamba maji yanalowesha?

"Vwala, njo hivi," alisema Tata Kazadi, akiokota kigingi. "Archi, kamba imesema."

Mama Ngoie alikuwa amerudi kwenye kiti chake. Alimwambia binti yake, kwa sauti ya kawaida ambayo sote tuliisikia: "Béa, nyumba iko muzuri. Iko ya bantu bengine. Mi nitarudia Kabongo."

Nilirudi nyumbani kufanya ninalolifanya vizuri zaidi, yaani kufikiri kupita kiasi. Kwa siku tano nilichora njia kumi na moja. Ya kwanza ilikuwa pazia katikati ya kulwari. Ya pili, kengele mlangoni pa kila mmoja. Ya tatu ilikuwa kulwari mbili sambamba, za sentimita hamsini kila moja. Ya nne, naona aibu kuiandika lakini ninyi ni wadogo zangu, ilikuwa ratiba ya choo, na saa zimepigiwa mstari kwa rangi mbili.

Nilizipeleka zote kwenye kiwanja. Tata Désiré alisoma ratiba taratibu.

"Archi," alisema kwa sauti yake ndogo, "tumbo ikiniuma saa ya mama-buko, nifanye nini? Nipige honi?"

Mama Béa alikuwa ameshika ile ya kulwari mbili. Alijitazama, akaitazama karatasi. "Hamusini? Na huyu mwili? Mi nitakuwa napita ku mbavu kama kaa. Weka hii ya kwako mu mfuko, mama, bantu basiione."

Nikaweka mfukoni. Nikasema, na nilikuwa karibu kulia, kwamba kiwanja ni chembamba, kwamba njia mbili haziingii, kwamba nimejaribu kila kitu.

"Kila kitu," alirudia Tata Kazadi. Alikuwa amechuchumaa akichora udongoni kwa kipande cha tofali. "Mu nyumba, Tata Désiré haingiakemo chumba gani?"

Mama Béa ndiye aliyejibu, haraka sana.

"Jiko. Miaka kumi na mbili ya ndoa. Chumvi haijue inakaaka wapi."

"Basi jiko njo ukuta," Tata Kazadi akasema.

Akatuonyesha kwenye udongo. Chumba cha Mama Ngoie mbele kabisa, barabarani, na choo chake na mlango wake mdogo wa kutokea nje. Nyuma ya chumba hicho, jiko, na mlango kati yao, ili Béa na watoto waingie kwa bibi bila kuzunguka. Jiko lenyewe linafunguka kwenye njia ya pembeni, na baada yake hakuna mlango wa ndani tena, ukuta mzima. Tata Désiré anaingia kwa lango lake upande wa kushoto, anapita njia ya pembeni, anafika vyumbani kwake, penye choo kingine. Kati yake na mama-buko kuna sufuria, mkaa na tabia ya miaka kumi na mbili. Kwa mara ya kwanza katika historia ya ujenzi, uvivu wa mume ulibeba paa.

Nilitazama ule mchoro wa udongoni. Ulikuwa rahisi kiasi cha kunitukana. Kisha nikaona tatizo, kwa sababu kutafuta tatizo ndiyo kipaji changu.

"Na salo?" nikauliza.

Tata Kazadi aliweka kipande cha tofali mwisho kabisa wa kiwanja, nyuma, kwenye ukuta ulionenepa.

Tata Désiré alikitazama kipande kile, kisha akatazama mbele, barabarani.

Ili mwelewe kutazama kule: hapa kwetu salo inakaa mbele. Mtu akipita barabarani aone pazia, makochi, skrini. Tata Désiré alikuwa amenunua makochi yale kabla ya kununua kiwanja. Yalikuwa yamehifadhiwa kwa ndugu yake, yakiwa bado na nailoni. Alikuwa amewaeleza madereva wenzake wote jinsi watakavyoyaona wakishuka kwenye gari.

"Bageni bangu," alisema, "bapite pembeni, mbele ya madirisha ya vyumba, bafike kule nyuma, baangalie ukuta wa huyu jirani?"

"Nitaweka mupapai," alisema Tata Kazadi.

"Tata, mi si mwizi wa kuingilia nyuma ya nyumba yangu."

Mama Ngoie alikuwepo, kwenye kiti chake, mgongo kwetu, hatua chache tu. Alikuwa amesikia yote, kama ambavyo kila mtu mtaani alikuwa amesikia. Lakini mama-buko na muko wake, mkwe wake wa kiume, hawasemezani ana kwa ana pia. Kwa hiyo alimsemesha binti yake.

"Béa, ambia muko wangu asiharibu salo yake juu yangu. Salo iko kintu cha mwanaume. Ambia ye mi ninajua treni."

Mama Béa, aliyesimama katikati yao, akamgeukia mume wake. "Asema usiharibu salo."

"Nimesikia," alisema Tata Désiré. Kisha, akitazama udongo: "Ambia mama, kule Kabongo nani atamupikia?"

"Mama, anauliza nani atakupikia."

"Ambia ye nitajipikia. Mukono umoja ungali muzima."

Mama Béa hakuifikisha hiyo. Mwanamke yule ambaye sauti yake inalingana na lori alisimama pale katikati, na machozi yakawa yanamshuka bila kelele yoyote.

Mimi nilikuwa natazama daftari langu. Nilikuwa nimeanza kuhesabu kama kochi moja linaweza kukaa kwenye njia ya pembeni. Naungama.

Tata Désiré alitembea hadi mbele ya kiwanja, mahali pa salo. Kigingi cha kona kilikuwa kimepigwa vizuri. Tata Kazadi hapigi ovyo. Alikishika kwa mikono miwili, akakitikisa, akaking'oa. Akakibeba hadi mwisho wa kiwanja, mita ishirini na zaidi, akikanyaga kamba zangu zote, akakipigilia pale kwa jiwe. Alirudi akivuja jasho. Akasimama nyuma ya mke wake, uso umegeuziwa ukuta.

"Uliza mama," alisema, "dirisha yake anataka iangalie wapi? Barabara, ao kwa jirani?"

Mama Ngoie hakungoja afikishiwe.

"Barabara," alisema. "Macho inabakia kidogo. Yenye inabakia, ione bantu."

Vumbi? Ndiyo, barabara ile ina vumbi. Nilisema. Nilitoa hotuba fupi kuhusu malori. Hakuna aliyenisikiliza, na walikuwa na haki. Nikaweka dirisha barabarani, na ubao wa kufunga kwa nje.

Tulijenga kwa miezi mitatu. Mkanda wa zege ulizunguka nyumba nzima, mzima, bila kukatwa. Njia ya pembeni ilipitisha toroli kila siku na kitanda siku moja. Mabati yalipigwa wiki moja kabla ya mawingu ya kwanza. Ni nyumba ya ajabu kidogo, mwenyewe anaingia pembeni na wageni wake wanahesabu madirisha mpaka wafike makochini. Picha yake sikuiweka kwenye kazi zangu za kuonyesha, kwa sababu kwenye kompyuta inaonekana kama kosa. Mkiniuliza ni ipi kati ya zote nilizochora ambayo watu wanaishi ndani yake bila kunipigia simu, ni hiyo moja.

Kwa hiyo mkiwa na karatasi nyeupe na mteja mwenye mita saba, pimeni mara tatu, hesabuni kuta, kisha wekeni penseli chini na muulize nani hapaswi kukutana na nani. Watawaambia kwamba hakuna. Ulizeni tena. Halafu mtafuteni fundi mzee, mpeni kamba, na ninyi mnyamaze. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu. Mimi ilinishinda, ndiyo maana nauza vigae.

Siku ya kuhamia walinialika. Nilikwenda mapema na orodha ya kasoro kumi na saba za kukagua, nikaanza na bawaba ya mlango mdogo wa mbele, ambayo ilikuwa inalia. Nilikuwa nimepiga magoti pale Mama Ngoie alipofika, na Mama Béa nyuma yake amebeba mfuko wa bibi, ule mfuko mkubwa wa plastiki wa mistari, umefungwa kwa kamba mara nne. Mama Béa aliniambia mama yake aliufunga Kabongo, na tangu afike Kolwezi alikuwa anatoa nguo kwa tundu la pembeni, moja moja, na kuzirudisha. Hakutaka ufunguliwe.

Bibi aliingia chumbani kwake akipapasa kuta. Alipata dirisha. Alipata choo, akafungua mlango wake, akaufunga. Alipata mlango wa jikoni, akasikiliza kidogo upande wa pili. Kisha akakaa kitandani, akavuta mfuko kati ya miguu yake, akapitisha vidole kwenye kamba mpaka akapata fundo. Lilikuwa fundo zuri, na kamba ya nailoni, nzima kabisa, ya kufaa safari nyingine kumi.

"Archi," aliniita, "uko na kisu?"